Sukari Hataki Kula

Jumatano, 26 Machi 2025 — Jeddah

Kesho tunaondoka na madam, mumewe na binti yao Jumana kwenda Riyadh. Idi mwaka huu ni kwa mama yake madam, mtaa wa Sulimaniyah. Nyumba nzima iko sakafuni — masanduku, viatu, zawadi, abaya mpya bado zimo kwenye nailoni. Madam kanipa jambo moja la kukumbuka: simbilisi wa Jumana, Sukari na Buni, na vitu vyao. "Hao ni juu yako, Frasia." Kizimba, chupa ya maji, chakula chao cha vidonge, mfuko wa nyasi kavu. Mfuko wenyewe mkubwa kama mto wa kulalia. Mwepesi, lakini unakula nafasi!

Maryann kapiga simu. Yule Mkenya aliyekuwa nyumba ya jirani kabla ya kuhamishiwa kwa kafili mwingine, mwajiri mpya huko Riyadh. Walimchukua ghafla, sanduku lake nikalihifadhi mimi chini ya kitanda changu. "Frasia, please, si uniletee hiyo sanduku. Picha zote za mtoi wangu ziko ndani." Nimesema ndiyo hata kabla ya kufikiri. Nani angekataa?

Jioni buti imejaa. Josphat, dereva wetu, kasukuma hapa, kasukuma pale, kashindwa. "Kitu moja ibaki, dada. Chagua."

Nimechagua sanduku la Maryann. Mfuko wa nyasi uko nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia. Nimechota konzi chache kwenye rambo, basi. Riyadh ni jiji — watakosa nyasi? Na kwetu Njombe simbilisi walikuwa wakizurura jikoni kwa bibi, wanakula maganda, wanakula lolote, wananenepa.

Sikumwambia madam. Hakuuliza.

Ijumaa, 28 Machi — Riyadh

Tumefika jana tumechoka mno. Jangwa, jangwa, kituo cha petroli, jangwa tena. Sukari na Buni walijikunyata kwenye kizimba njia nzima, hata maji hawakugusa. Jumana alikuwa akiwaimbia.

Nyasi zimekwisha leo asubuhi. Nimemwomba Josphat akinunua mkate apite duka la wanyama. Karudi: mafi, hakuna. Wamefunga mapema kwa ajili ya Idi, duka jingine lina chakula cha paka tu. Basi nimewapa letusi, matango na mkate mkavu kidogo. Wameshangilia! Wanapiga ile miluzi yao, kui kui kui. Nimejiambia: unaona? Hakuna shida.

Sanduku la Maryann limemfikia. Josphat alilipeleka alipokwenda kuchukua nyama. Maryann katuma sauti, analia na kucheka pamoja. Nimeisikiliza mara mbili nikiosha vyombo. Nilifurahi kweli.

Jumapili, 30 Machi

Idi. Wageni tangu alfajiri, kahawa, tende, biskuti za tende trei kwa trei. Miguu yangu si yangu tena.

Jumana kavaa gauni la kijani, kazunguka sebuleni na Sukari mkononi kuwaonyesha binamu zake. Nimemwona akimmegea kipande cha biskuti. Kidogo sana, kama kucha. Shangazi yake kamkemea, akaacha.

Jioni nimewapelekea tango. Buni kaja mbio. Sukari hakuja. Nimemwekea mdomoni, kageuza kichwa.

Nimefagia kizimba. Kawaida vinyesi vyao ni vingi, vinene, kama maharage madogo. Vya leo vichache, vidogo, vikavu, vingine vimeshikana kama vimefungwa na uzi. Nimeviona. Nimevizoa nikavitupa.

Nimesema labda kachoka na kelele. Kesho atakuwa sawa.

Jumatatu, 31 Machi

Hayuko sawa.

Asubuhi nimemkuta pembeni, kajikunja kama mpira, manyoya yamesimama. Anasaga meno — sauti ndogo, kama mtu anakuna ukuta kwa kijiko. Nimemgusa tumbo. Gumu, limejaa, kama ngoma. Chini yake safi. Hakuna kinyesi hata kimoja.

Nimemwita madam. Kaja na nguo ya kulalia. "Amekula nini?"

Kabla sijafungua mdomo Jumana kaanza kulia. Biskuti, mama, nilimpa biskuti.

Madam hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema taratibu: umeambiwa mara ngapi? Sasa angalia ulichofanya. Mtoto wa miaka minane! Jumana kashuka pale pale sakafuni, kafunika uso kwa mikono.

Na mimi nimesimama. Nimesimama na trei ya vikombe vya watu kama nguzo ya nyumba. Neno la nyasi lilikuwepo. Nikamwacha mtoto abebe.

Kaka yake madam kaleta dawa yake ya antibiotiki iliyobaki, eti tumsagie robo. Madam kakataa, kasema twende kwa daktari. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Josphat kazunguka mji mpaka tukapata kliniki iliyo wazi. Daktari ni mama wa Kisudani, mpole, mikono ya polepole. Kwanza kasikiliza tumbo kwa muda mrefu. Halafu kamweleza Jumana, si sisi. Kasema tumbo la simbilisi halitakiwi kusimama. Likisimama, hewa inajaa, anaumwa, akiumwa hali, asipokula linazidi kusimama. Na hawezi kutapika kama wewe. Mkiona hataki kula, au hatoi choo, msingoje kesho. Siku moja tu ni nyingi kwake.

*Msingoje kesho.* Nilitazama sakafu.

Kuhusu ile antibiotiki kasema afadhali hamkumpa, zipo zinazoua wanyama hawa moja kwa moja. Madam kashika kifua.

Kisha kauliza: nyasi kavu anapata kila wakati? Ndizo zinazosukuma tumbo lake, kuliko chakula kingine chochote.

Madam: "Bila shaka. Tuna mfuko mzima." Kanigeukia. "Sivyo, Frasia?"

Nimesema, "Aiwa."

Aiwa, ndiyo! Neno dogo namna hii.

Kwa hiyo daktari kaandika chanzo ni biskuti. Kampa Sukari sindano ya maumivu na dawa ya kusukuma tumbo. Katupatia unga wa majani wa kukoroga na maji, tumlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo, pembeni ya mdomo, asipaliwe. Awe kwenye joto. Asitenganishwe na mwenzake.

Njiani Jumana alishika kizimba kwa mikono miwili.

Jumanne, 1 Aprili

Tumemlisha tangu asubuhi, mimi na Jumana. Mimi namfunga taulo kama mtoto mchanga, yeye anasukuma bomba. Anatema nusu, anameza nusu. Tumbo limelegea kidogo. Kinyesi bado.

Mchana Jumana kaniita. "Frasia, njoo uone." Kaonyesha upande wa Buni. Vinyesi vidogo, vikavu. Na tango lake liko vile vile.

Kakunja uso, anafikiri. "Lakini Buni hakula biskuti."

Mungu wangu.

Nimemwambia labda ana huzuni kwa ajili ya mwenzake. Kakubali! Anakubali kila ninachosema, hilo ndilo linaloniumiza. Kaenda kumwambia bibi yake kwamba Buni ana huzuni kwa sababu yake yeye Jumana.

Nimemtafuta Josphat uani, anaosha gari. Nimemweleza yote. Kaacha maji yanamwagika.

"Dada, hiyo mambo si ya kuficha. Wanyama wawili? Ambia madam."

"Akinirudisha nyumbani?"

"Kwa sababu ya nyasi? Hawezi."

"Si nyasi. Ni kwa kusema aiwa."

Kafunga bomba. "Basi ambia hata daktari. Yeye anatibu kitu hajui."

Hilo limenipata. Namba ya kliniki iko kwenye kopo la dawa. Nimeingia chumba cha pasi, nimefunga mlango, nimetuma sauti kwa Kiarabu changu cha jikoni: daktari, samahani, nyasi hawakupata tangu Ijumaa. Niliziacha Jeddah. Mimi. Si mtoto.

Kanipigia mwenyewe. Hakugomba. Kasema hii inabadilisha mambo. Nyasi leo leo, kwa wote wawili, na Buni naye aanze bomba. Msiwape letusi wala mkate. Kasema nendeni wanapouza malisho ya kondoo, lakini si majani mabichi na si mabua matupu. Nyasi kavu, zinukie vizuri, zisiwe na ukungu.

Mwisho kauliza: "Na mama wa mtoto anajua?"

Nimesema nitamwambia.

Josphat karudi na robota la nyasi, limejaza buti yote, gari linanuka kama shamba. Madam kauliza za nini. Josphat kasema daktari kaagiza. Kweli, lakini nusu.

Jumatano, 2 Aprili

Buni kala nyasi jana ile ile, kazivuta moja moja kama tambi. Leo anapiga miluzi.

Sukari katoa kinyesi asubuhi. Kidogo, laini, kibaya — nimekishika kwenye karatasi kama dhahabu! Nimemkimbilia Jumana. Kakitazama, katabasamu kidogo, tabasamu likazimika. Nyasi bado hataki. Ananusa tu, anarudi kwenye taulo. Daktari anasema leo na kesho ndizo zitakazoamua.

Baada ya chakula cha mchana Jumana kaja jikoni na Buni kifuani. Kamweka mapajani mwangu.

"Mchukue wewe. Sukari naye akipona, mchukue. Baba kasema anayewaumiza wanyama asipewe wanyama."

Nimemwambia hakusema hivyo kukuhusu wewe.

"Kasema. Na wewe unawatunza vizuri. Wewe huwaumizi."

Kaondoka kabla sijajibu. Haendi kucheza. Yuko kwenye ngazi, peke yake.

Nimeandika haya hapa hapa, Buni ananitafuna ncha ya aproni. Watu wote wamelala mchana isipokuwa madam. Yuko sebuleni, namsikia anapekua simu, anacheka na kitu. Hana mgeni. Hajawa peke yake hivi tangu tufike.

Nimesimama nikakaa. Nimesimama tena.

Kaniita. Anataka chai. Nimesema naleta, madam — na nimeshamchukua Buni mkononi badala ya birika, naenda kumwambia yote kuhusu nyasi.