Mkanda wa Nailoni wa Marehemu Mwijage

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ayubu Muhidini
Umri: Miaka 41
Kazi: Fundi baiskeli
Makazi: Izigo, Wilaya ya Muleba, mzaliwa wa Bukoba mjini
Tarehe: 4 Juni 1987, saa 3:20 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu kwamba marehemu Mwijage nilimfahamu tangu mwaka 1978, tulipochukuliwa pamoja kama mgambo kwenda vitani. Saa inayogombewa naifahamu, na mkanda wake naufahamu kuliko saa yenyewe.

Mkanda huo ni wa nailoni, wa kijeshi, rangi ya kijani. Mwijage alipewa huko Masaka, Uganda, mnamo Machi 1979 na koplo aliyekuwa anarudishwa nyumbani na jeraha. Afande, mikanda yetu ya ngozi ilioza mikononi kwa mvua na jasho, ikanuka. Wa kwake ulilowa, ukakauka, ukawa vilevile. Ni utepe mmoja tu, unapita chini ya saa upande hadi upande, hivyo pini moja ya kushikia saa ikikatika, saa haianguki. Nililiona hilo kwa macho yangu tukivuka mto kwa mtumbwi. Pini ilikatika, saa ikaning'inia kwa pini ya pili, na Mwijage akacheka mpaka tukamkemea. Nilistaajabu, na hadi leo nastaajabu. Kitambaa kile!

Tuliporudi nilimwomba aniuzie. Nikamwomba kila Idi. Kila mara alinijibu, "Ayubu, subiri nife."

Mnamo mwaka 1986 alianza kuugua maradhi haya ya UKIMWI ambayo huku tunayaita Juliana. Kadiri mkono ulivyokonda alivuta mkanda tundu kwa tundu, mpaka matundu ya kiwandani yakaisha. Ndipo akaja kwangu. Nilipasha moto spoki ya baiskeli nikamtobolea tundu jipya. Nailoni ikiungua huacha ukingo mweusi, mgumu, na nyuzi hazifumuki. Mwanzoni alikuja kwa miguu. Baadaye nikawa namfuata mimi na spoki yangu.

Tundu la mwisho nilitoboa tarehe 9 Mei 1987, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mbele ya mkewe Kemilembe na binti yao Getruda. Mtoto ndiye aliyepuliza tundu lipoe. Mwijage akavaa, akatikisa mkono, saa haikucheza. Akaniuliza, "Mbona leo huuombi?" Nikaanza kufunga spoki yangu. Akasema, "Basi utakuwa wa Getruda."

Alifariki alfajiri ya tarehe 14 Mei. Nilipofika, saa ilikuwa mkononi mwake na ilikuwa inatembea. Kabla hajaoshwa, mdogo wake Rugaibula alitutoa chumbani, akisema anataka kumuaga ndugu yake. Tuliporudi, saa haikuwepo.

Baada ya matanga Rugaibula aliwaonyesha saa hiyo wazee wa ukoo. Aliwaambia kwamba kaka yake alimpa mwaka 1980, wote wakiwa wazima, na kumwambia atakayeshika saa ndiye atakayeshika kibanja, yaani nyumba na shamba la migomba. Saa tuliyoiona kwa marehemu, anasema ni nyingine, iliyofanana nayo. Wazee wanakaa Jumapili. Wakimkubalia, Kemilembe na mtoto watatoka na vyombo vyao. Hilo linanichoma, afande waitu, ndiyo maana nimekuja bila kuitwa.

Anadai ameivaa miaka saba. Yale matundu meusi aliyatoboa ili afunge mkono gani? Rugaibula ana afya, Mungu amzidishie. Naomba aivae hapa mbele yenu, kwenye tundu langu la mwisho.

Mkanda siutaki tena. Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu yote, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: A. Muhidini

MAELEZO YA ASKARI: Nimeandika maelezo haya mimi, Koplo Mashauri, na kumsomea shahidi. Saa 5:10 asubuhi mtuhumiwa Rugaibula aliombwa kuvaa saa kwenye tundu la mwisho. Tundu hilo halikufika kwenye bizimu la mkanda. Nilijaribu mwenyewe, halikufika. Mlalamikaji Kemilembe alikuwepo na binti yake Getruda, miaka saba. Mtoto alinyoosha mkono bila kuambiwa. Mkanda ulifunga sawasawa, na saa haikucheza.