Napiga Taratibu Ili Watu Wasiruke

Mpendwa mshauri, naomba msaada. Mimi ni DJ, kila Jumapili jua likizama napiga muziki wa deep house juu ya paa la baa ya mjomba, ndiye aliyenilea tangu mama afariki, na watu wananisifu eti nina mkono mtulivu, wanajilaza kwenye mito, wanatikisa vichwa, wanapiga picha za machweo, wasichojua ni kwamba napiga taratibu kwa woga, maana miezi miwili iliyopita niliweka ngoma ya kasi wakaruka, meza yangu ikacheza, niliposhuka nikakuta dari ya stoo iliyo chini yetu imepasuka na mchanga unamwagika juu ya mjomba anayepanga kreti. Akaziba kwa plasta na rangi. Ufa ukarudi, sasa vidole vyangu vinaingia. Nikamwambia tena, akanijibu, "We piga muziki, mambo ya zege niachie. Ukinitia midomoni mwa watu, nimekwisha." Jumapili ya mwisho wa mwezi amealika watu mara mbili ya kawaida, dada yangu mjamzito anakuja na wenzake wa kazini, na mjomba anataka nimalizie kwa ngoma za kuruka. Silali, mshauri. Nikisema, namsaliti aliyenilea. Nikinyamaza je?

DJ Taratibu

Pole, mwanangu, lakini nitakusema kwanza. Miezi miwili unawabembeleza watu wasiruke, badala ya kuwaambia washuke! Unadhani zege linasikiliza muziki? Hata wakilala usingizi wote, uzito wao uko palepale. Halafu unaogopa kumsaliti mjomba, na yeye ndiye anayeshinda chini ya ufa huo.

Weka gazeti chini umpigie dada yako simu sasa hivi. Kesho asubuhi peleka picha za ufa kwa wakaguzi wa majengo. Usimwombe mjomba ruhusa, mwambie tu unakokwenda, umwambie kwa heshima, na usibishane. Mashine zako zisipande tena. Akileta DJ mwingine, simama wewe penye ngazi, umweleze kila anayepanda ulichokiona stoo. Watakuita mwoga, wengine watasema una wivu. Vumilia tu.

Mjomba atanuna, pengine mwaka mzima. Mwache anune. Aliyenuna utamwomba radhi. Aliyefukiwa na zege utamwambia nini?