Pedali Imezama, na Fundi ni Shemeji Yangu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijashika usukani tena, maana tangu jana mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu hata nikiwa nimekaa jikoni. Mimi naendesha kigari cha kubeba watoto wa chekechea, kigari ni cha mume wangu na fundi wake ni mdogo wake, shemeji yangu tunayeishi naye, na kwa muda sasa pedali ya breki imekuwa laini kama nakanyaga godoro, nikimwambia shemeji anafungua boneti, anaongeza mafuta ya breki, anasema, "Shem, pampu kidogo, itashika," na kweli ilikuwa ikishika, nami nikanyamaza kwa kuwa fundi ni yeye. Jana asubuhi nateremka mteremko wa kiwanda cha unga, watoto wanaimba, mbele mkokoteni wa maji unakatiza, nikakanyaga, pedali ikaenda mpaka chini, nikapampu, hakuna kitu, mshauri, hakuna kitu kabisa, nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono, nikalisugua gari ubavu kwenye ukuta wa kiwanda mpaka likasimama karibu na mkokoteni kiasi kwamba mwenye mkokoteni aliweka kiganja juu ya boneti. Watoto walipiga makofi. Wakasema, "Anti, rudia tena."

Tulimalizia safari kwa miguu. Niliporudi kwenye gari nikachungulia chini, tairi la nyuma limelowa mafuta upande wa ndani. Nikamwuliza shemeji. Akanawa mikono kwanza, taratibu, ndipo akasema alijua tangu mwanzo kwamba linavuja, alikuwa anangoja apate nafasi. Alijua, na kila asubuhi ananiambia safari njema.

Funguo za gari amezichukua shemeji, na mume wangu anasema ubavu utapakwa rangi, wazazi wasiambiwe, Jumatatu niendelee kama kawaida, nisimwaibishe mdogo wake, na mama mkwe anasema mke mwema huficha ya ndani. Jioni ile ile mama mmoja alinishika mkono kunishukuru kwa kumtunzia mwanawe. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya barua hii.

Dereva wa Chekechea

Dada dereva, pole sana. Barua yako niliianza nimesimama, nikalazimika kukaa. Umetumia akili pale ambapo wengi wangefumba macho, hilo ni lako na asikunyang'anye mtu.

Sasa nikukaripie. Pedali ikitaka kupampuliwa imeshakwambia kuna upepo ndani ya mabomba ya breki au mafuta yanavuja, wewe ukaizoea kama jino bovu. Mafuta ya breki hayapungui kila mara bila kuwa na pa kwenda, na wewe umepaona: silinda ndogo ya gurudumu la nyuma. Msomaji mwenye pedali laini asingoje mteremko. Gari likiwa limesimama na injini inawaka, akanyage ashikilie. Ikizama polepole chini ya mguu na kote ni kukavu, basi masta silinda, ile pampu kuu ya breki, imechoka kwa ndani. Vyovyote iwavyo, gari lisitoke.

Lako lipakiwe juu ya lori, lisivutwe kwa kamba, lipelekwe kwa fundi asiye ndugu. Silinda ibadilishwe, upepo utolewe magurudumu yote, nawe ukanyage mwenyewe kabla ya kulipokea.

Ya ndani ni chumvi kuzidi kwenye mboga. Watoto wa watu si ya ndani. Waambie wazazi wao, kwa mdomo wako, kabla mwenye mkokoteni hajawaambia. Wengine watawahamisha watoto wao, vumilia.

Nilipiga ile namba, akapokea mumeo. Nilimwuliza kama yuko tayari kuteremka mteremko ule na gari lile, mama yake akiwa kiti cha mbele.  Kisha nikamsikia akimwambia mdogo wake, "Mpe shemeji yako funguo."

Zikifika mkononi mwako, dada, usizirudishe.