Ua la Saba

Mama,

Tok. Sauti hiyo ndiyo iliyobaki nami: muhuri wako wa ua, wa jiwe laini la Tabaka, ukigonga kitambaa juu ya meza. Uliuchovya kwenye bluu ya kufulia, ukaugonga, ukausogeza vidole viwili, ukaugonga tena. Tok. Nami nasinzia kwenye mkeka, maua yakitembea yenyewe kuelekea ukingo wa meza. Baadaye uliyajaza kwa uzi, moja moja.

Mwaka umepita tangu tukuzike. Utacheka ukisikia ninachofanya siku hizi. Nimeajiriwa mjini Kisii, katika duka la kuchapa kadi la Mama Rekha, na humo mna kompyuta. Nachora ndani ya kioo, Mama, mkono wangu ukiwa mbali na mchoro.

Alitaka karatasi za kufungia zawadi. Nikachora ua lako. Mwanzoni nililinakili kama wewe na muhuri: nakala, sogeza, nakala, sogeza. Kufikia saa sita nilikuwa na safu tatu, zote zimepinda. Kisha nikagundua amri ya kurudia. Unaionyesha kompyuta hatua moja tu, nakala ya kwanza na umbali wake. Ukibonyeza vitufe viwili, yenyewe inairudia hatua ileile. Nikabonyeza. Ua. Ua. Ua. Ukurasa ulijaa kabla chai haijapoa. Nikacheka peke yangu.

Halafu nikakutafuta humo, nisikuone.

Unakumbuka siku niliyokusaidia? Nilikuwa darasa la tatu. Ulikuwa umekwenda kuchuma chai, nami nikaona kila ua la saba limeachwa na mstari wa bluu tu, bila uzi. Nikadhani umesahau. Nikayajaza yote kwa uzi mwekundu, nikakungoja mlangoni nikijiona mkubwa. Hukunipiga. Uliketi ukafumua, uzi kwa uzi, ukasema, "Kemunto, hata ua lina Sabato yake."

Basi niliuhifadhi ule ukurasa uliojaa, nikaanza mwingine. Maua sita yaliyojaa, la saba mstari mtupu. Nikayafunga saba hayo pamoja yawe kitu kimoja, na hicho ndicho nilichoiambia kompyuta irudie. Kila safu niliianza mbele kidogo, kama wewe. Yale matupu yakashuka kimshazari, na mara nikaona kijia kile kinachokata chai yetu kule Nyamache, na wewe ukikishuka, kikapu mgongoni, bila haraka yoyote. Sijui nilikaa pale muda gani.

"Kemunto! Hii ua iko tupu. Wino imeisha?" Mama Rekha alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimweleza habari zako. Alisikiliza, si mtu mbaya. Akasema, "Mama yako pole sana. Lakini mteja hapana ona Sabato, yeye naona makosa tu. Wewe acha zote mbili kwa disketi. Jumatatu mimi nachagua."

Nilijua atachagua ipi. Ua lako lingesambaa hadi Keroka, limejazwa kila mahali, na safari hii usingekuwepo wa kufumua.

Pumzika, Mama. Muhuri wako uko kwenye dirisha langu, bado una bluu kwenye michongo yake. Nakuahidi kwamba sitalijaza tena ua la saba, wala sitakubali mtu alijaze kwa mkono wangu.

Leo Ijumaa, jua likiwa bado juu na Sabato haijaingia, nilifungua ile disketi nikaufuta ukurasa uliojaa. Kisha nikaenda mbele, kwenye kaunta, nikamwambia Mama Rekha usoni kwamba nimeufuta na kwamba sitauchora tena. Alinitazama, kisha akarudi kuhesabu kadi zake. Sijui kama Jumatatu nina kazi. Nilizima kompyuta, nikapanda kilima cha Nyanchwa kwa miguu, kurudi nyumbani.

Mwanao,
Kemunto