Kitenge cha Buluu, Bellevue

Jumanne, 4 Juni
Nimefagia gereji, nimepangusa vioo. Makumbusho yetu ndiyo haya: kinu, kasia, redio moja bovu, picha za watu waliotoka Kivu. Jua la baridi liliingia mlangoni, vumbi likaelea kama ukungu wa ziwani. Nikasimama tu. Cherehani na nguo za wateja zikasubiri.

Gazeti letu la mwezi liko tayari kuchapwa, kurasa nne. Ukurasa wa kwanza: kitenge cha buluu cha Mama Nsimire, "vazi la harusi". Wageni hukipenda kuliko vyote.

Alhamisi, 6 Juni
Karatasi za Mama Nsimire za kwenda Kanada zimetoka. Anasafiri Jumapili. Alikuja na mjukuu wake Neema, aliyezaliwa hapa; Kiswahili anaelewa, anajibu kwa Kizulu. Mama anataka kitenge chake. Nikamwambia nitaona.

Nitaona nini? Ni chake. Sikutaka kukitoa, basi. Nimejichukia kutwa.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeota maji. Nimeharibu sketi mbili za watu.

Jumamosi, 8 Juni
Siku ya hadithi. Watoto kumi na mmoja, viti vya kuazima kanisani. Mama Nsimire akakigusa kitenge ukutani.

"Mwanangu, nani alikuambia ni cha harusi?"

Hakuna aliyeniambia. Nilidhani tu, kwa uzuri wake.

Akasimulia. Alivuka ziwa alfajiri wakati wa vita, mtoto wake wa kwanza mgongoni, ndani ya kitenge hicho. Homa. Walipofika ng'ambo mtoto alikuwa ameshafariki. "Hakulia hata mara moja," alisema. "Maji yalikuwa yanambembeleza."

Neema alikuwa akiwatafsiria wenzake. Sauti ikamkatika. Alikuwa hajawahi kuambiwa habari za mtoto huyo.

Nilikishusha, nikakikunja, nikamkabidhi Mama kwa mikono miwili.

Jumapili, 9 Juni
Ameondoka. Nimeandika ukurasa wa kwanza upya. Kwanza kosa langu, kisha maneno yake. Neema, aliyebaki, ameyaandika kwa Kizulu, pembeni.

Jumatano, 12 Juni
Gazeti limetoka. Nimeacha nakala kwa wasusi, kanisani, kwenye spaza, kile kiduka cha kona.

Alasiri akaja Bi Zuhura, gazeti mkononi, mama wa Tanga anayeuza vitambaa mtaa wa Yeoville. Hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu. Akauliza kama tunapokea na habari za watu wa Tanga.

Nikamsogezea kiti juani. Akatazama mtaa. Kisha akaanza na jina la mama yake.