Uso wa Kijani wa Papa

Jumamosi, 8 Juni
Binamu yangu Zagabe ameleta picha ya marehemu Papa, baba yangu, kwa ajili ya levée de deuil, kumaliza matanga. Msanii! Alimchora mwaka jana, Papa akiwa mzima kabisa. Uso wa kijani, shingo imepinda, jicho moja limeshuka hadi shavuni. Moderne, anasema, akisubiri tumpigie makofi. Hata watoto wadogo wa maternelle wanajua macho yanakaa wapi. Nilisema itundikwe nyuma ya mlango. Hakuna aliyenisikia.

Jumatatu, 10 Juni
Salon imejaa wataalamu wa sanaa! Shangazi Consolate, ambaye maisha yake yote hajatazama picha isiyo na Bikira Maria, ametoa hukumu: kijani ni karuho, Papa alitiliwa kwenye chakula. Sumu inapanda kutoka tumboni. Tonton Anaclet akaongeza kwamba jicho lililoshuka linatazama kiti cha Maman Euphrasie, mke wa pili wa Papa. Kweli, linatazama huko. Wangeigeuza picha kidogo, muuaji angekuwa friji.

Jumatano, 12 Juni
Wamemwita Zagabe aeleze. Nilidhani atacheka. Lakini maskini, hakuna aliyewahi kumuuliza lolote kuhusu kazi yake. Akavimba kichwa: "Artiste anaonaka vitu venye watu hawaonake."
Basi — ushahidi huo! Euphrasie alikwenda jikoni. Alituletea chai. Hakuna aliyegusa kikombe. Mimi pia sikugusa.

Ijumaa, 14 Juni
Leo wanamfukuza Euphrasie. Nyumba itabaki kwa watoto wa Papa, na mtoto wa Papa ni mimi peke yangu.
Simpendi huyu mwanamke. Alihamia hapa nguo za maman zikiwa bado kabatini. Tangu hapo sijamwita maman hata kwa bahati mbaya.
Lakini siku ile ya kuchorwa nilikuwapo, yeye alikuwa sokoni. Papa aliiangalia picha akacheka mpaka machozi: "Ongeza tena vert. Nifanane na chura." Jicho pia aliomba mwenyewe lishushwe. Zagabe anajua. Yuko salon, anaangalia viatu vyake. Mwoga.
Tonton Anaclet anataka binti wa marehemu aseme neno la mwisho. Wajinga wote wananisubiri. Kupitia mlango namwona Euphrasie amekaa juu ya sanduku lake, bila kulia.
Tonton ameniita mara ya pili. Nimejibu nakuja.
Bado naandika.