Matawi Niliyoyarudia Milimani

Baba yangu,

Shikamoo. Najua barua hii atakusomea Mwanahawa, maana macho yako siku hizi hayapatani na maandishi. Mdogo wangu, soma taratibu, usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka kazi za nyumbani. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, baridi imepungua na kikohozi kimeniacha. Natumai hapo Muheza mmeamka salama, na dawa ya macho unaitia kwa wakati bila kusukumwa. Kwenye simu kila nikikuuliza hali unasema hujambo, halafu unampa simu mtu mwingine. Barua itakubidi uisikilize mpaka mwisho.

Unamkumbuka Mzee Salvo, huyu ninayemtunza huku Sisilia. Ujanani alikuwa fundi wa magari ya mbio. Wakati huo magari yalishindana kwenye barabara hizi hizi za milimani, katikati ya vijiji, watu wamekaa juu ya kuta za nyumba zao wakitazama. Nilipomwambia kwamba na wewe uliyaona magari ya mbio yakipita Usambara, ukarudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye meno, alinishika mkono akasema basi wewe na yeye ni ndugu. Tangu siku hiyo hakunipa raha. Nimpeleke akaione ile njia mara moja tu kabla hajafa.

Binti yake, Bi Rosa, hakutaka. Na mimi nilikuwa na langu kwake: nilimwomba likizo ya miezi miwili nije nyumbani, kwa sababu daktari wako alisema presha ya macho ikishachukua nuru hairudishi. Baba, nilikuwa naogopa kuja nikakukuta unanijua kwa sauti tu. Bi Rosa alikuwa akisitasita. Mtumishi aliyekuwepo kabla yangu aliaga kwenda kwao na hakuonekana tena, na Bi Rosa aliona na mimi nitafanya hivyo hivyo. Mwishowe akasema nimpeleke mzee, lakini saa kumi alasiri tuwe nyumbani. Nikimrudisha salama na kwa wakati, tutazungumza habari ya likizo. Safari ya mzee na safari yangu zikafungwa kwa kamba moja.

Tulitoka asubuhi na kigari chake cha zamani, usukani uko kushoto, na mpaka leo mkono wangu bado unaitafuta gia upande isiko. Barabara inapanda kama ile ya Amani, kona juu ya kona, ila badala ya chai kuna mizeituni na mawe. Ukifika juu unaiona bahari chini kabisa, ya buluu. Mzee alikuwa akizitaja kona kabla hatujazifikia: hapa fulani alipasua tairi, hapa fulani aliingia na gari mpaka kwenye banda la kuku. Tulipofika kwenye majukwaa ya watazamaji, rangi yote imebanduka na majani yameota kwenye ngazi, alivua kofia akalia. Na mimi nikalia, sijui nilikuwa namlilia nani.

Nilikuwa nakufikiria wewe. Watu walivyosema kwamba unaniharibu, msichana gani anapewa usukani wa lori la chai na iliki! Ulinigeukia ukasema, "Punguza gia, gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia." Mkate ninaoula leo umetoka kwenye maneno hayo, maana Bi Rosa aliniajiri mimi kati ya wengi kwa kuwa nilijua kuendesha gari milimani. Sikuwahi kukushukuru. Sasa nakushukuru, na Mwanahawa akusomee mstari huu mara mbili.

Nilimweleza mzee kwamba bampa ya lori letu iliandikwa KAWIA UFIKE. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema kwenye kazi yao, mtu angeandika hivyo angefukuzwa siku hiyo hiyo.

Basi wakati wa kurudi rejeta ikachemka, tukakwama nyuma tu ya kona kali. Kile kibao chekundu cha pembetatu cha kuwaonya wenye magari hakikuwemo kwenye buti. Nikafanya kama ulivyonifundisha: nikavunja matawi ya mzeituni mwitu, nikayapanga barabarani kabla ya kona, na tawi la mbele kabisa nikalifunga mtandio wangu mwekundu. Mzee alishangaa, huku hawana desturi hiyo. Tukangoja injini ipoe, nikaongeza maji, gari likawaka. Saa ilikuwa imekwenda, nikaondoka mbio.

Tulikuwa tumeshuka kama dakika kumi nilipohisi kichwa kiko wazi. Mtandio! Na matawi! Nikasikia sauti yako waziwazi: "Matawi barabarani ni amana. Ukiondoka, yaondoe." Nilitazama saa. Nikirudi, saa kumi imenipita, na likizo nayo imekwenda. Nisiporudi, mtu wa pikipiki atakuja na mwendo wake aingie kwenye kona ile juu ya matawi. Sitakuficha, Baba, niliendelea kushuka kona mbili nzima nikijidanganya kwamba upepo utayapeperusha. Kisha nikageuza gari.

Nilimkuta dereva mmoja wa basi amesimama ukingoni, ameshika mtandio wangu, anachungulia bondeni na kuita. Aliona kitambaa cha mwanamke, akadhani gari limetumbukia. Nilipomwambia ni wangu, alikaa chini kwenye ukingo akafuta jasho. Tukayaondoa matawi pamoja.

Tulifika saa kumi na dakika arobaini. Bi Rosa alikuwa mlangoni, uso umefungwa. Nilianza kuomba radhi. Mzee Salvo akateremka na mkongojo wake, akamsimulia yote, kisha akamwambia:

"Tumechelewa kwa sababu huyu alirudi kuondoa matawi ambayo hakuna aliyemwona akiyaweka ila mimi. Mtu wa namna hiyo akikuambia atarudi, atarudi."

Bi Rosa akaingia ndani. Asubuhi nilipokuwa napika uji wa mzee alikuja jikoni akaniuliza nataka kuanza likizo lini.

Nakuja, Baba. Mwezi ujao, Mungu akipenda.

Nisalimie shangazi Bi Tatu, mwambie kahawa aliyonifungashia niliimaliza zamani, kwenye simu nilimdanganya tu kwamba bado ipo. Nisalimie jirani yetu fundi baiskeli anayekupeleka kliniki, ihsani yake naiona mpaka huku. Mwanahawa, wewe nitakusalimia mwenyewe, andaa samaki wa kupaka.

Na Baba, usimtafute dereva. Siku ya pili tu baada ya kufika nataka twende Amani, wewe ukae kushoto na lile panga lako fupi la kukatia matawi liwe chini ya kiti. Kona utanitajia wewe. Macho nitakuja nayo mimi.

Mwanao anayekushukuru,
Zaina